Mzee Mwaga na Kidimbwi cha Jirani

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha mchana. Ilipiga bati kwa kishindo, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Wengine mtaani walifungua madirisha wavute harufu ya udongo uliolowa. Mzee Mwaga alivaa viatu vyake vya mpira, akatoka nyuma ya nyumba, akaanza kupindua vitu.

Alipindua ndoo, kopo la rangi na sahani iliyokaa chini ya chungu cha maua. Turubai lililofunika mbao alilikung'uta mpaka maji yakamrukia usoni. Karibu na karo kulikuwa na kifuniko cha chupa kimelala chali, na ndani yake tone moja. Akaliangalia lile tone, akalimwaga, akakitia kifuniko mfukoni.

"Hata hiki," alijisemea. "Hata hiki kinamtosha."

Jina la Mwaga hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtu wa mbu wa manispaa, mwenye kaptula ya kaki, bomba la dawa mgongoni na upawa wa mpini mrefu mkononi. Msimu ukikaribia, ofisi ilitangaza wiki ya kumwaga, naye akapita nyumba kwa nyumba akipaza sauti tangu kona ya mtaa: "Mwaga! Mwaga! Mwaga!" Hakukuwa na cha geti wala kengele. Nyumba zilizungushiwa michongoma, na kila uzio ulikuwa na pengo lake la kupitia. Akishapiga hodi alikuwa tayari yuko uani, anachota maji ya pipa kwa upawa na kumwonyesha mama wa nyumba viluwiluwi wanavyojinyonganyonga.

"Hawa wako, mama. Umewalea vizuri, tazama walivyonona."

Mama huyo akaona haya, majirani wakaangua kicheko, pipa likapinduliwa. Kesho yake mama huyohuyo ndiye aliyemwita kutoka barabarani aje aone pipa lilivyokauka, na kikombe cha chai kikatoka jikoni bila kuombwa. Watoto walimfuata nyuma wakiliimba lile jina mpaka likamganda, akazeeka nalo.

Mambo hayo yamekwisha. Ofisi ya mbu ilifungwa na chumba chake sasa ni mahali pa kulipia maegesho ya magari. Michongoma iling'olewa, zikaja kuta. Juu ya kuta vikaja vigae vya chupa, na juu ya vigae nyaya. Mtaa uliokuwa na watu ukabaki na mageti. Habari ya mbu imekuwa kazi ya vijana wa kampuni, wanaokuja Jumamosi wamejifunika nyuso, wakapuliza moshi mweupe kwenye maua kwa muda wa mtu kunywa soda, kisha wakaondoka. Mwenye nyumba analipa na roho yake inatulia. Hakuna anayeinama kutazama chini ya kitu chochote.

Mzee Mwaga alikuwa akiyasema haya kwa yeyote aliyekubali kusikiliza, na waliokubali walikuwa wamebaki wachache. Mkewe alikuwa mmoja wao, tena kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia.

Mke huyo, ambaye yeye humwita Bibie, msimu uliopita aliugua dengi. Aliugua vibaya, mifupa ikamuuma mpaka akaomba asiguswe hata na shuka. Alipopona, daktari aliwaita wote chumbani mwake akawaambia kwamba homa hiyo ikirudi mara ya pili huweza kuwa kali kuliko ya kwanza, na kwa umri wa mama huyu asingependa kuiona ikirudi. Binti yao mkubwa, anayefanya kazi benki na kukaa kwenye ghorofa katikati ya mji, aliyachukua maneno ya daktari akayafanya sheria.

"Baba, mimi sitaki maneno mengi," alisema walipofika nyumbani. "Msimu ujao nikimkuta mama na alama moja ya mbu mwilini, moja tu, namchukua. Atakaa kwangu mpaka mvua ziishe. Kule juu mbu hawafiki."

"Mbu anapanda lifti kama mtu mwingine."

"Baba!"

"Nimekusikia."

"Na wewe njoo pia. Chumba kipo."

"Nije nifanye nini ghorofani? Nimwage nini?"

Binti alicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Tangu aoane na Bibie, hawakuwa wamelala nyumba tofauti isipokuwa alipokwenda kujifungua, na lile juma alilolazwa kwa dengi. Juma lile la hospitali yeye alikula mkate mkavu akiwa amesimama, na usiku alilala upande wake wa kitanda kana kwamba upande wa pili una mtu. Hakumwambia yeyote. Aliamua tu kwamba msimu ukianza, nyumba yake haitakuwa na tone la maji yaliyosimama, na hiyo ilikuwa kazi anayoiweza.

Siku ya pili baada ya mvua alipanda ngazi kusafisha mfereji wa paa. Alipokuwa juu, akichomoa majani yaliyooza, alitupa jicho upande wa pili wa ukuta. Katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri kulikuwa na kidimbwi cha saruji, cha mapambo, chenye maji yaliyotulia na majani mapana yanayoelea.

Nyumba hiyo ya pili ilikuwa ya mtoto wa mdogo wake. Ndugu hao wawili walinunua kiwanja kimoja ujanani na kujenga nyumba mbili zenye uwanja mmoja, kuku wa huyu wakitaga kwa yule. Mdogo alipofariki, mwanawe akairithi nyumba, akaibomoa, akajenga nyingine, na cha kwanza kujengwa kilikuwa ukuta. Kijana huyo anauza vigae vya sakafu, na mzee humwita Vigae, ingawa si mbele yake.

Mzee alimpigia simu papo hapo, akiwa bado juu ya ngazi.

"Shikamoo, baba mkubwa," ilisema sauti yenye haraka.

"Marahaba. Mwanangu, hapo kwako kuna kidimbwi..."

"Ah, usijali, baba mkubwa. Kampuni inapuliza kila Jumamosi. Niko kikaoni, nitakupigia."

Hakupiga. Mzee alishuka, akachukua upawa wake, akazunguka mpaka geti la jirani, akagonga. Kidirisha kilifunguka, likatokea jicho la mlinzi na nusu ya pua.

"Nani?"

"Mimi, wa hapo ukutani. Baba mkubwa wa bosi wako."

"Una miadi?"

"Miadi ya nini? Huyo nimembeba mgongoni."

"Nakuelewa, mzee wangu. Ila nimeambiwa bila miadi hakuna kuingia. Hata mama yake mzazi hupiga simu kwanza."

"Basi nenda wewe ukatazame kidimbwi. Uniambie kama maji yana viluwiluwi."

"Mzee, mimi nazuia wezi. Mbu hawamo kwenye mkataba wangu."

"Mwite basi mke wa bosi."

"Ametoka. Na huo upawa wa nini? Unakwenda kupakua?"

Kidirisha kikafungwa. Mzee alisimama pale na upawa wake, gari likapita likamrushia maji ya dimbwi la barabarani, naye hata hakugeuka. Alirudi nyumbani. Bibie alikuwa sebuleni anachambua mchele, akamuuliza kwa nini suruali imelowa. Akajibu, "Barabara," akapita.

Alimeza hasira yake kutwa nzima na usiku wake. Kulipopambazuka alikuwa amekata shauri. Zamani, maji ambayo hayangeweza kumwagwa yalitiwa mafuta. Mafuta hutanda juu, viluwiluwi wakija kuvuta pumzi wanaikosa, wanakufa. Mzee alikuwa bado na bomba lake la zamani stoo, na dumu la mafuta machafu ya injini. Aliyachanganya na mafuta ya taa kama alivyofundishwa ujanani, akajaza bomba, akaunganisha mpira mrefu. Akangoja mpaka Bibie ajinyooshe kwa usingizi wa mchana. Kisha alipanda ngazi, akaupitisha mpira juu ya ukuta, akapiga bomba. Mafuta yakaruka kwa upinde mzuri, yakatua, yakatanda juu ya maji rangi rangi kama shingo ya njiwa. Mkono wake ulikuwa haujasahau. Alishuka, na usoni alikuwa na furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu astaafu.

"Kuna nini?" Bibie aliuliza kwenye chai ya jioni.

"Hakuna. Nimefanya kazi kidogo."

Asubuhi geti lao lilibishwa. Alikuwa mke wa Vigae, mwanamke mpole wa maneno machache, aliyevaa tayari nguo za kazini. Mkononi alikuwa na ndoo ndogo ya plastiki. Ndiyo mara ya kwanza katika mwaka ule kuingia katika uwanja huo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani."

"Hapa panatosha." Akaiweka ndoo chini, miguuni pa mzee.

Ndani ya ndoo walielea samaki wadogo, wengi, wa kijivu, wembamba kama vidole vya mtoto, matumbo juu. Ndoo ilinuka mafuta ya taa.

"Mlinzi alisema ameona mpira juu ya ukuta," alisema mke wa Vigae. "Nikamwambia anaota. Nikamwambia baba mkubwa hawezi."

"Kidimbwi kile kingeleta mbu," mzee alisema, na sauti ikamtoka ndogo.

"Kingeleta? Kipo pale tangu mwaka jana. Ni mbu gani waliotoka kwangu? Hawa ndio waliokuwa wakila viluwiluwi. Mama mkubwa alipolazwa, niliwatafuta mji mzima. Niliwaleta kwenye mfuko wa nailoni, nimeupakata mapajani mpaka nyumbani. Niliwatia kwa ajili yake." Akatazama saa yake. "Nachelewa kazini."

Akaondoka, ndoo akaiacha.

Mzee Mwaga hakuwa mgeni wa samaki hao. Kazini waliwahi kuwatia katika visima. Ndiyo maana, kabla ya kutia mafuta popote, mtu wa mbu alikuwa na swali lake la kwanza: "Humu mna kinachoishi?" Alikuwa ameliuliza katika kila ua wa mji ule, kila mara, mpaka likawa kama sehemu ya hodi yake. Safari hii hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Kulikuwa na ukuta, na yeye alikuwa juu ya ngazi. Ndivyo alivyojitetea moyoni, na utetezi huo ulidumu mpaka alipoingia ndani.

"Samaki?" Bibie alisema. "Si aliniambia alipowaleta? Huwa tunaongea kwenye simu."

"Uliwajua? Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Sasa mimi ningeulizaje kitu nisichokijua?"

"Mzee wangu, tangu ustaafu unaniambia tu. Unaniambia kuta, unaniambia mageti, unaniambia watu hawasemezani siku hizi. Juzi ulishinda humu ndani na neno moja, 'barabara'." Akaichukua ndoo mlangoni, akaenda kuwafukia samaki chini ya maua, mwenyewe, kwa kijiko cha bustani.

Jioni alikuja Vigae. Hakuingia. Alisimama getini akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Baba mkubwa, ungekuwa mtu mwingine tungeongea polisi."

"Nilikupigia simu, mwanangu."

"Nikakwambia usijali."

"Nipe ruhusa nije niyasafishe mafuta yale. Nitayatoa kwa upawa, nitapangusa kingo kwa sabuni. Nitafanya leo hii."

"Hapana. Asikiguse mtu. Nitakitengeneza mwenyewe nikipata nafasi."

Nafasi aliyoipata ilikuwa ya kuongeza nyaya juu ya ukuta. Mafundi walikuja, wakapiga nyundo asubuhi mpaka jioni, na kidimbwi kikabaki vilevile. Mke wa Vigae alitafuta samaki wengine akaambiwa na muuzaji kwamba hana, labda baadaye. Kisha mvua zikakolea. Maji yakajaa, yakafurika kingo, yakayachukua mafuta mpaka kwenye nyasi, na kidimbwi kikarudi kuwa safi na tulivu, bila mafuta na bila samaki. Mbu asingeweza kujengewa nyumba bora kuliko hiyo hata angeandika barua ya maombi.

Mzee aliyaona haya kutoka juu ya ngazi, nyaya tatu mpya zikipita mbele ya uso wake. Alirudi kwenye lile geti. Safari hii mlinzi alimhurumia, akabonyeza kitufe ukutani azungumze na wa ndani.

"Niruhusuni nichote tu," mzee alikiambia kile kisanduku cha sauti. "Robo saa. Mlinzi anisimamie."

"Baba mkubwa, tafadhali," kilijibu kisanduku kwa sauti ya Vigae. "Kampuni inakuja Jumamosi." Kikakoroma, kikanyamaza.

Jumamosi moshi ulipulizwa. Siku mbili tatu baadaye, mchana kweupe, mzee alimwona wa kwanza ametua kwenye pazia la sebule. Mweusi, mdogo, miguu ina mistari myeupe. Hakuhitaji miwani kumjua. Alimuua kwa kofi, akatazama kiganja, akakinusa kama anayetafuta anwani.

Kuanzia hapo alikuwa mlinzi wa mkewe. Alifunga madirisha, joto likawatoa jasho. Bibie alivaa mikono mirefu na soksi ndani ya nyumba, akalalamika kwamba amekuwa kama bwana harusi anayengoja gari. Mzee alizunguka vyumba na taulo begani, akipiga kuta, akipiga makabati, akachunguza chini ya kitanda kwa tochi. Alivunja kioo cha picha. Aliangusha redio. Usiku alikilalia kiwiko, akisikiliza.

Binti alikuja Jumapili, amebeba matunda. Akamsalimia baba, akamkumbatia mama, na kwenye kumkumbatia akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko. Hapo palikuwa na uvimbe mdogo mwekundu.

"Mama, hiki nini?"

"Upele wa joto," Bibie alijibu upesi. "Baba yako amefunga madirisha yote, tunaiva humu kama maboga."

"Mama."

"Nimesema upele. Mimi ndiye mwenye mkono."

Binti akamgeukia mzee. "Baba. Hiki ni nini?"

Bibie alimkazia macho mumewe. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba uongo, na sasa alikuwa anamwomba mmoja, mdogo, wa neno moja. Mzee alikitazama kile kiwiko. Alikuwa amesimama mbele ya mapipa mengi na kuwaambia wenye mapipa kilichomo, hata walipokasirika.

"Ni mbu," alisema.

Kisha Bibie aliinuka, akaenda chumbani, na wakamsikia anafungua kabati. Mzee alimfuata akasimama mlangoni.

"Ungesema upele," Bibie alimwambia, mgongo umemgeukia.

"Niseme upele, halafu uugue?"

"Pengine nisingeugua."

"Pengine."

"Basi nishushie lile sanduku. Usisimame hapo kama mgeni."

Alilishusha sanduku. Alilibeba mpaka kwenye gari, akaliweka nyuma, akafunga buti. Bibie alimpa maelekezo ya gesi, ya funguo, ya maua yanayotaka maji na yasiyotaka, yote kwa sauti ya kawaida, na gari likaondoka.

Hakuugua. Hilo lazima lisemwe. Homa haikuja, na daktari aliyempima alisema yuko vizuri.

Na kidimbwi? Wiki ile ile Bibie alipoondoka, Vigae aliumwa na mbu mwenyewe akiwa anaosha gari lake. Kesho yake lilikuja lori la zege, likaingiza mdomo wake getini, likakijaza kidimbwi mpaka juu, na wakaweka juu yake viti vya bustani vya chuma ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuonekana amevikalia. Ujumbe ulifika kwenye simu ya mzee: "Baba mkubwa, lile tatizo limekwisha." Mbu walipungua, kisha baada ya wiki kadhaa wakaisha kabisa. Mzee alikaa sebuleni mchana mzima amekunja suruali hadi magotini na mikono ya shati mabegani, miguu wazi, akingoja aumwe. Hakuumwa.

Akampigia mkewe.

"Huku hakuna mbu tena," alisema. "Hata mmoja. Nimejaribu."

"Umejaribu vipi?"

"Nimekaa."

Bibie akacheka, kicheko kifupi. Nyuma yake ilisikika televisheni, na sauti ya mwanamke mwingine ikimwita waende sokoni. Amepata rafiki, alieleza, wa mlango wa pili. Milango ya huko inatazamana. Mtu akitoka na taka, tayari mmeshasalimiana. Lifti ameizoea, mwanzoni ilimpa kizunguzungu. Na wewe, akauliza, unakula? Usile ukiwa umesimama.

"Sasa unakuja lini?" mzee aliuliza.

"Mvua si bado hazijaisha."

Mzee Mwaga alitazama nje. Uwanja ulikuwa umekauka mpaka umepasuka, mfereji wa paa ulikuwa mweupe kwa vumbi, na mji wake na wa Bibie ni huohuo mmoja, mvua yao moja.

"Ni kweli," alisema. "Bado hazijaisha."